Mkimbizi Hupimwa Anapofika, Huugua Baadaye

Ni abiria wachache wanaoshuka katika viwanja vya ndege vya Marekani wakiwa wamechunguzwa afya zao kwa kina kama mkimbizi wa Kongo anayetoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Miezi kadhaa kabla ya safari, yeye na familia yake hupimwa na madaktari wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Watu wazima hupigwa picha ya kifua ili kutafuta kifua kikuu, damu huchukuliwa, na chanjo huanza kutolewa. Siku chache kabla ya kuondoka hupewa dawa ya minyoo, dawa ya kichocho na dawa mseto ya malaria, awe na dalili au asiwe nazo, kwa sababu tu anatokea Afrika kusini mwa Sahara. Akishafika Louisville, Dallas au Boise, hutarajiwa kupelekwa kliniki ndani ya siku 90 ili uchunguzi uanze upya: damu, choo, mkojo, macho, meno na chanjo zilizobaki.

Utaratibu huo umewafaa wengi na sioni sababu ya kuubeza. Kifua kikuu kinachogunduliwa kabla ya safari hutibiwa kabla ya safari, na mtoto aliyekuwa na minyoo kwa muda mrefu huanza shule mpya akiwa na damu ya kutosha mwilini. Hata hivyo, ukiutazama kwa makini utaona kwamba karibu wote umejengwa juu ya swali moja, nalo ni hili: mtu huyu amekuja na nini? Swali la pili, yaani maisha atakayoyakuta katika nchi hiyo yatamfanya nini, halina fomu wala fungu la fedha, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa kama baada ya miaka mitano tutamkuta mzima au mgonjwa.

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya kwanza vya Kongo vilipowavusha Ziwa Tanganyika watu wa Fizi na Uvira, na kwa kuwa sera ya Tanzania iliwazuia wakimbizi kutoka kambini zaidi ya kilomita nne bila kibali, wapo watu wazima wenye watoto ambao hawakuwahi kuishi penginepo. Hao, pamoja na wenzao kutoka Nakivale na Kyangwali nchini Uganda na kutoka kambi za Burundi na Rwanda, ndio walioongoza orodha ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka kadhaa ya karibuni. Katika mwaka wa fedha wa 2016 waliingia Wakongomani 16,370, wengi kuliko hata Wasiria. Mwaka wa fedha wa 2023 walizidi 18,000, na mwaka uliofuata walikaribia 20,000 kati ya wakimbizi 100,034 wa mataifa yote. Katika miji kadhaa ya Kentucky, Texas, Iowa na Arizona, Kiswahili kimekuwa lugha ya kawaida katika vyumba vya kusubiri vya kliniki za umma.

Kuna kipimo kimoja tu katika utaratibu huu ambacho hulijibu swali la pili, na historia yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 2000, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, wiki chache baada ya kufika. Hakufa kwa malaria wala utapiamlo; aliuawa na madini ya risasi yaliyokuwa katika rangi kuukuu ya nyumba ambayo familia yake ilipangishiwa. Marekani ilikuwa imepiga marufuku rangi hiyo majumbani tangu mwaka 1978, lakini nyumba za zamani zilibaki, na nyumba za zamani ndizo zenye kodi ambayo shirika la mapokezi linaweza kuilipa. Baadaye Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilipendekeza kwamba watoto wa wakimbizi wapimwe risasi wanapofika, kisha walio wadogo wapimwe tena miezi mitatu hadi sita baada ya kuingia katika makazi ya kudumu. Kipimo cha kwanza kinamhusu mtoto na alikotoka. Cha pili kinaipima nyumba aliyowekwa.

Laiti mantiki hiyo ingevuka mipaka ya risasi. Mwaka 2005, watafiti Matthew Porter na Nick Haslam walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchambuzi wa ripoti 56 kuhusu afya ya akili ya wakimbizi kutoka pande mbalimbali za dunia. Kwamba wakimbizi kwa wastani walikuwa na hali mbaya kuliko wasio wakimbizi halikuwa jambo la kushangaza. Lililokuwa na uzito ni kwamba ukubwa wa tofauti hiyo ulibadilika kulingana na mazingira ya baada ya kukimbia: waliokuwa katika makazi ya kitaasisi walikuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa katika nyumba zao binafsi, walionyimwa fursa za kiuchumi kuliko waliozipata, na wale ambao vita vilivyowakimbiza havijaisha kuliko wale ambao kwao kumetulia. Aidha, wenye elimu zaidi na waliokuwa na hadhi kubwa kabla ya kukimbia waliumia zaidi, jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa hesabu ya risasi zilizopigwa au maiti zilizoonekana. Mwalimu mkuu wa Uvira anayeosha sahani katika hoteli ya Phoenix ana jeraha ambalo halikutoka Uvira.

Ushahidi wa kusikitisha zaidi ulitoka kwa wakimbizi wa Bhutan, watu waliokaa kambini Nepal kwa takriban miongo miwili kabla ya kuanza kupelekwa Marekani mwaka 2008. Kati ya Februari 2009 na Februari 2012, CDC ilithibitisha vifo 16 vya kujiua katika jamii hiyo, kiwango kilichokadiriwa kuwa karibu mara mbili ya kile cha Wamarekani kwa jumla. Wachunguzi walipokwenda kuzungumza na familia na majirani, hawakusimuliwa hasa habari za mateso ya zamani. Walisikia habari za lugha ngumu, za ndugu waliobaki Nepal, za desturi na ibada zilizokosa mahali. Na katika uchunguzi mpana wa jamii hiyo, waliokuwa na mawazo ya kujiua walielekea kuwa watu wasioweza tena kuzitunza familia zao na wasioona mtu wa kuwashika mkono. Ripoti ilitoka mwaka 2013. Mapendekezo yake yaliyosikika zaidi yalikuwa ya kuongeza uchunguzi wa afya ya akili, kana kwamba tatizo lilikuwa kutokujua nani anaumia na si kile kinachomuumiza.

Kazi ndiyo mahali ambapo hoja hii inaonekana wazi kuliko kwingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980 inataka mkimbizi ajitegemee kiuchumi mapema iwezekanavyo, na huduma za mapokezi zenyewe zimepangwa kwa siku 90. Miezi takriban sita baada ya kufika, familia huanza kulipa mkopo wa nauli ya ndege, mkopo usio na riba lakini wenye tarehe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ile inayopatikana, na inayopatikana kwa mtu asiyejua Kiingereza mara nyingi ni ya zamu ya usiku katika ghala, usafi wa vyumba vya hoteli, au kiwanda cha kuchakata nyama. Kiwandani mshahara ni mzuri kwa kulinganisha, na Wakongomani wengi wanausifu. Mikono ndiyo inayolipa: kisu kilekile, mkato uleule, maelfu ya mara katika zamu moja, katika chumba chenye baridi ya jokofu, kwa kasi inayoamuliwa na mashine.

Masika ya 2020 yalionyesha gharama yake. Katika kiwanda cha Smithfield mjini Sioux Falls, South Dakota, wafanyakazi walikuwa wakizungumza takriban lugha 40, na CDC ilipokwenda kuchunguza mlipuko wa UVIKO-19 iliorodhesha kumi zilizoongoza. Kiswahili kilikuwamo, pamoja na Kikunama, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhari na Kioromo. Orodha hiyo yatosha kuwa ramani ya kambi za wakimbizi za dunia. Kati ya wafanyakazi 3,635, waliothibitishwa kuambukizwa kati ya Machi na Aprili walikuwa 929, yaani mmoja katika kila wanne, na wawili walifariki. Kampuni ilikuwa imeahidi bonasi ya dola 500 kwa atakayemaliza zamu zake za Aprili. Mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini iliitoza faini ya dola 13,494, fedha ambazo ni vigumu kuziita adhabu kwa kampuni ya ukubwa ule. Kwa vyovyote vile, hakuna hata mmoja wa wakimbizi hao aliyeuleta ugonjwa huo kutoka kambini, na dawa zote walizomeza kabla ya kupanda ndege hazikuwa na la kuwasaidia.

Anayepinga hoja yangu atasema kwamba kazi ni tiba, na kwamba mkimbizi aliyekaa kambini miaka 20 akipokea mgao anahitaji kujiona mtu tena. Nakubali kabisa, matokeo ya Porter na Haslam yenyewe yanamuunga mkono. Ninachokikataa ni kuhesabu ajira kama mafanikio ya siku ya 90 bila kuuliza ajira hiyo imemfikisha wapi siku ya 900. Mama anayefanya kazi kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi hawezi kuhudhuria darasa la Kiingereza la asubuhi, na asipojua Kiingereza hatatoka katika zamu hiyo, na akiendelea na zamu hiyo usingizi, shinikizo la damu na malezi ya watoto vyote vitakwenda pamoja. Takwimu za programu zitamhesabu kuwa amejitegemea.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa sababu yanajulikana. Mtu aliyekuwa akitembea kwenda kisimani, shambani na sokoni sasa anahitaji gari hata kununua chumvi. Unga wa bugali na sombe hupatikana katika duka la Kiafrika lililo upande wa pili wa mji kwa bei ya kuumiza, ilhali soda na kuku wa kukaanga wapo mlangoni. Kisukari na uzito hufuata. Bustani za jamii ambazo mashirika yamewatafutia wakimbizi katika miji kadhaa, ambako utakuta lengalenga na maharage yamestawi pembeni ya barabara kuu, zimesaidia, na nadhani zimesaidia zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa mboga.

Lugha ni suala zito zaidi, na hapa sisi wenyewe tuna sehemu ya lawama. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa kwa kila anayepokea fedha za serikali ya shirikisho, na kwa miaka mingi imefasiriwa kuwa inamlazimu mwenye hospitali kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo. Kanuni zilizotokana na sheria ya bima ya afya ya 2010 zimekwenda mbali zaidi: zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Kliniki iliyobanwa na muda, yenye mkalimani wa simu ambaye sauti yake hukatikakatika, itamgeukia binti wa miaka 12 aliyekaa pembeni, na binti huyo ndiye atakayemuuliza mama yake kama hedhi imekata, kama aliwahi kulazimishwa, kama anafikiria kufa. Mama atajibu kwamba yuko salama. Faili litaandikwa kwamba yuko salama, na daktari atapita chumba kinachofuata akiamini kwamba amemsikiliza mgonjwa.

Hata mkalimani mtu mzima anapopatikana, neno «Kiswahili» lililoandikwa kwenye faili huficha mengi. Mzee wa Kibembe au Kinyamulenge aliyejifunza Kiswahili sokoni hasimulii msiba wake kwa lugha hiyo kwa wepesi anaonunulia chumvi. Aliyetoka Kivu moja kwa moja huja na maneno ya tiba ya Kifaransa. Atasema ana tansiyo, na mkalimani aliyekulia Mombasa au Morogoro, ambaye kwake hiyo ni presha, huweza kupotea au, vibaya zaidi, kukisia na kuendelea. Nimewasikia wakalimani wa pwani wakiwacheka Wakongomani kwamba wanaharibu lugha. Katika chumba cha daktari kicheko hicho si cha kifasihi tena, kwa kuwa mgonjwa aliyechekwa hunyamaza. Shirika linalotoa wakalimani lingepaswa kuuliza mgonjwa ametoka wapi na alikulia lugha gani nyumbani kabla ya kumuunganisha na yeyote. Mwezi Machi 2025 Rais Donald Trump alifuta agizo la mwaka 2000 lililozitaka idara za serikali kuwarahisishia huduma wasiojua Kiingereza. Sheria ya 1964 imebaki, lakini sheria isiyosimamiwa humlinda tu yule ajuaye kuidai.

Kwa upande wa afya ya akili, kliniki nyingi hutumia dodoso fupi lililotungwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, lenye maswali 15 na tafsiri ya Kiswahili. Ni chombo kizuri. Halimuulizi mtu kama ana sonona. Linaanza na maumivu ya misuli, mifupa na viungo, likaja kwenye kuwaza kupita kiasi, woga wa ghafla, kizunguzungu, kulia kwa urahisi, mambo ambayo mama wa Fizi huyataja mwenyewe bila kuona aibu. Kasoro yake ni wakati linapotumika. Kwa kawaida huulizwa katika uchunguzi wa mwanzo, familia ikiwa bado katika furaha ya kufika, kodi ikiwa inalipwa na shirika, simu kutoka kambini zikiwa za kupongeza. Furaha hiyo inapoisha, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, hakuna aliyepangiwa kuuliza tena.

Na akiulizwa, aelekezwe wapi? Orodha za kusubiri za washauri nasaha ni ndefu, na wanaozungumza Kiswahili ni wa kuhesabika. Wakongomani wengi huenda kwa mchungaji, au kwa kikundi cha akina mama kinachokutana Jumamosi, na wengine huombewa dhidi ya mapepo hali wanayo majeraha ya kubakwa. Sipendi kuyaona makanisa haya yakidharauliwa, maana ndiyo yanayomtembelea mgonjwa na kumzika maiti, lakini pia sipendi kuyaona yakiachiwa kazi ambayo hayakufunzwa. Njia ya kati ipo na ilijaribiwa katika nchi yetu ya jirani. Mwaka 2008, Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Nakivale, ambako wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kiwewe na wakimbizi wenzao, watu wasio na shahada ya saikolojia, waliopewa mafunzo ya wiki chache na kusimamiwa. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Inashangaza kwamba mkimbizi anaweza kutibiwa hivyo Uganda kwa jaribio, akahamia nchi tajiri kuliko zote, na akakosa mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake kwa sababu aliyefunzwa hana leseni ya jimbo.

Ninalolitaja mwisho katika sehemu hii ndilo ambalo wakimbizi wenyewe hulitaja mwanzo: waliobaki. Familia za Kiafrika hazigawanyiki kwa mstari wa baba, mama na watoto, lakini kesi za uhamisho hugawanywa hivyo. Bibi aliyewalea watoto anabaki na namba yake ya kesi, kaka mkubwa aliyeoa anabaki na yake, na anayefika Iowa anakuwa tegemeo la watu kumi na wawili wenye simu. Kila mgao wa chakula unapopunguzwa Nyarugusu, dola zinatoka Iowa. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wapo waliosimama katika mstari wa kukata nyama huku simu ikitetemeka mfukoni na sheria za kiwanda zikiwazuia kuipokea. Uchambuzi wa 2005 ulikuwa umekwisha kusema kwamba mgogoro usioisha nyumbani huendelea kumuumiza aliyekimbia. Dawa ya usingizi humfikisha mtu asubuhi, na asubuhi ndiyo habari huingia.

Ndiyo maana naiona kusimamishwa kwa mpango wa kuwapokea wakimbizi, kwa agizo la 20 Januari 2025, kuwa pia ni tukio la afya kwa wale waliokuwa wamekwisha kuingia. Mke aliyetarajiwa Machi hakufika. Watu waliouza vyombo vyao kambini, wakiwa na tarehe ya ndege, walirudi kuazima sufuria. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 kikomo cha wakimbizi kiliwekwa mwaka 2025 kuwa 7,500, kutoka 125,000 cha awali, na nafasi nyingi zilitengwa kwa Waafrikana, yaani wazungu wazungumzao Kiafrikana, wa Afrika Kusini. Mtu anaweza kujadili siasa ya namba hizo. Athari yake katika chumba cha kulala cha mwanamume aliyeko Abilene, Texas, akimsubiri mkewe haijadiliki.

Hatua zilizofuata ziligusa moja kwa moja matibabu na chakula. Bima ya muda kwa wakimbizi wasiostahili Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), iliyokuwa ya miezi 12, ilipunguzwa hadi minne kwa wanaoanza kustahili kuanzia Mei 2025, na msaada wa fedha taslimu ukapunguzwa vivyo hivyo. Katika jimbo kama Texas, ambalo halikupanua Medicaid na ambalo limepokea Wakongomani wengi, mtu mzima asiye na mtoto hubaki bila bima kabla hajajua basi la kwenda kliniki linapita wapi. Kisha sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 ikawaondoa wakimbizi katika msaada wa chakula wa SNAP mpaka wapate ukaaji wa kudumu, na kuanzia 1 Oktoba 2026 itawaondoa wengi wao katika Medicaid kwa sharti hilohilo.

Sharti hilo, likisomwa peke yake, lingeweza kutetewa: mkimbizi hutakiwa kisheria kuomba grinikadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, baada ya mwaka mmoja, hivyo asubiri kidogo. Halisomwi peke yake. Novemba 2025 idara ya uhamiaji iliagiza kesi za wakimbizi wote walioingia kati ya 20 Januari 2021 na 20 Februari 2025 zipitiwe upya, na maombi yao ya grinikadi yasimamishwe. Amri moja inasema hutakula wala kutibiwa bila kadi. Nyingine inasema kadi haitolewi. Mkongomani aliyefika Septemba 2024, aliyepimwa kila kiungo na kuambiwa ni mzima, yuko katikati ya amri hizo mbili.

Athari ya kiafya ya hali kama hiyo haihitaji kukisiwa, kwa kuwa Australia ilikwisha kuijaribu. Kuanzia mwaka 1999 nchi hiyo iliwapa baadhi ya wakimbizi viza za ulinzi wa muda wa miaka mitatu, bila haki ya kuleta familia, huku wengine wakipata za kudumu. Mwaka 2006 Shakeh Momartin na wenzake walilinganisha wakimbizi 116 wazungumzao Kiajemi mjini Sydney, wa viza za aina zote mbili. Mateso waliyopitia kabla ya kufika yalikuwa yanafanana. Wenye viza za muda walikuwa na wasiwasi, sonona na kiwewe zaidi kwa tofauti kubwa, na kilichowatenganisha na wenzao kilikuwa karatasi.

Kliniki zinazowapokea wakimbizi Kentucky au Iowa haziwezi kutoa grinikadi, lakini zinaweza kufanya kwa mtu mzima kile kinachofanywa kwa mtoto na risasi: kurudia kipimo. Dodoso la maswali 15 liulizwe tena baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, na kando yake yaandikwe mambo manne ambayo leo hayaandikwi popote kwa utaratibu: analala saa ngapi na zamu yake ni ipi, kodi ya nyumba inakula kiasi gani cha mshahara, nani wa familia yuko nje, na karatasi zake zimefikia wapi. Majimbo yana takwimu za uchunguzi wa kwanza tangu miaka mingi. Yakiwa na za uchunguzi wa pili yataweza kuonyesha ni mji upi unaowaponya watu na ni upi unaowaharibu, na waajiri na wenye nyumba watakuwa na jambo la kujibu. Ugumu ni kwamba kipimo hicho cha mwaka mmoja, kwa asiye na Medicaid, sasa kitaangukia miezi minane baada ya bima yake kwisha, na jimbo linalokitaka litalazimika kukilipia kwa fedha zake lenyewe. Machache yamewahi kufanya hivyo kwa ajili ya wageni. Yanayokusudia kufanya hivyo yanapaswa kuwa yameliweka katika bajeti kabla ya Oktoba 2026.